Wingu la Lituhi

Mama yangu, Kunigunda, amelima kahawa Litembo tangu ujana wake, na sijapata kumwona amelala mchana ila siku moja tu. Shule zilikuwa zimefungwa, akatuteremsha wanawe wanne hadi Lituhi tukalione ziwa. Joto lile lote, nasi tumevaa masweta ya baridi ya kwetu milimani! Tuliogelea mpaka vidole vikasinyaa. Mama alikaa mchangani, mkono wake ukiugeuza mchanga kama kahawa inayoanikwa, taratibu, taratibu, hadi usingizi ukamchukua.

Kisha wingu likapita, kivuli kikamgusa usoni.

“Funikeni!” akapiga kelele hata kabla hajafumbua macho.

Tulitoka majini mbio bila kuuliza, ndivyo tulivyolelewa kwenye vichanja vya kahawa. Kanga, mashati, masweta, vyote tukavitandaza juu ya vichanja vilivyokuwa karibu. Kumbe juu yake palikuwa pameanikwa usipa, wale dagaa wa ziwani, mali ya mama tusiyemjua.

Mvua haikunyesha. Mwenye usipa akaja, akatutazama tunavyochuruzika maji, akacheka sana. Halafu akamshika mama bega.

“Lala, dada,” akamwambia. “Leo mawingu nitayaangalia mimi.”