Papa Pontien Aliyeshiba Mapema

Kaka yangu Pontien alipenda kula, na mtu asinitarajie nimseme vibaya kwa hilo. Wapo wanaokula ili wapate nguvu za kazi, na wapo wanaokula kwa sababu tu sahani imewekwa mbele yao. Yeye alikula kwa heshima. Alikaa sawasawa, akakunja mikono ya shati, akamwuliza mpishi jina lake, kisha ndipo akakata tonge la kwanza. Wapishi wa Kalemie walimpenda, hata wale wasiopenda mtu. Mwanamke aliyemlisha Pontien leo, kesho sokoni usingemweza kwa maringo.

Kwa sababu hiyo, na kwa sababu mdomo wake ulijua kupanga maneno, watu wetu waliotoka Nyunzu kufuata kazi ya reli walimchukua kila walipokwenda kuposa. Ndiye aliyekuwa msemaji wa safari. Posa ya mjini haikai nyumba moja. Inaanzia huku, inapita kule, inamalizikia pengine, na kila mlango una chungu chake. Hapa utapewa wali, pale chai na mikate ya kukaanga, kule mbuzi. Ukikataa chungu, umekataa nyumba. Vijana wenye maneno mengi niliwaona wakirudi wameshika matumbo, wanatafuta ukuta wa kuegemea. Pontien alirudi akiimba. Lakini posa zote hizo zilikuwa za sisi kwa sisi, Waluba wa bara tuliohamia ziwani, na hapo ndipo mkosi ulipojificha.

Hippolyte hakuwa mtoto wake wa kuzaa. Alikuwa wa kaka yetu mkubwa, aliyefariki mtoto akiwa bado anatambaa. Kaka alipokuwa kitandani, amekwisha kukonda, alimshika Pontien mkono akamwambia, “Mutoto wangu usimuache bila jamaa. Umutafutie muke, akae na watu.” Pontien aliapa. Alimlea mtoto, akamsomesha, akamwingiza kazini kwenye karakana ya reli, akabaki na hilo moja la mke.

Basi kijana akampenda Odile. Odile alikuwa Mtabwa, wa kabila la pale pale ziwani, mshonaji, binti asiyecheka ovyo, lakini akicheka unajikuta na wewe unacheka. Hippolyte alikuwa mpole mno, wa kuhesabiwa maneno. Siku alipokuja kutuambia, alitazama chini wakati wote. “Papa,” alisema, “kama nikimukosa huyu, sitatafuta mwingine. Musiniulize tena.” Tulimjua. Mtoto yule alikuwa hasemi jambo la mchezo.

Tulikwenda Jumapili baada ya misa. Nilikuwamo kama shangazi wa bwana harusi, nimebeba kikapu cha zawadi. Tulianzia kwa baba wa Odile, Papa Hubert, karani wa bandarini. Ilikuwa miaka ile serikali ilipotaka tuitane Citoyen, yaani raia, na Papa Hubert alitupokea ndani ya abakosti, suti ile isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Nyumba ya bati, mapazia, viti vya mito. Ukaja wali, wakaja kuku wawili, maharage, ndizi za kukaanga, na juu ya sahani ya Pontien ikawekwa firigisi. Odile mwenyewe alileta maji ya kunawa, akapiga magoti. Nilimwona Hippolyte anasahau kupumua.

“Mule kidogo tu, Papa,” alisema Papa Hubert. “Safari haiishie hapa.”

Pontien akacheka kwa adabu. Kwetu bara, mwenye nyumba hukidharau chakula chake mwenyewe, na mgeni humjibu kwa kukimaliza. Tena kwetu mtoto ni wa baba. Ukila kwa baba umekula kwenye mzizi. Basi kaka yangu akala kwenye mzizi. Alimaliza kuku, akaongeza wali, akasifu maharage, akaongeza tena. Papa Hubert alikuwa akimtazama kwa jicho la kuhangaika, nasi tukadhani anahofia chungu chake.

Tukaenda kwa Mama Louise, dada mkubwa wa mama yake Odile. Chai ya maziwa, mikate ya kukaanga, karanga. Pontien akala pia, ingawa sasa alikuwa amelegeza mkanda. Mama Louise alimwinamia, akamwambia kwa sauti ya chini:

“Papa Pontien, mubakize nafasi. Kwa Kizito, ndugu yangu, njo munakwenda.”

“Mama, usiogope. Tumbo yangu njo gari ya moshi, inapakiaka kila gare, kila kituo!”

Wote wakacheka, isipokuwa Mama Louise.

Sasa nieleze jambo ambalo kila Mtabwa analijua tangu maziwa ya mama yake. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anampenda, anamlea, anamlipia minerval ya shule, lakini anayesema “mchukueni” ni mjomba. Nyumba ya baba ni ya kukaribishwa. Nyumba ya mjomba ndiyo ya kupewa. Kwetu sisi mjomba huja kwenye ndoa kama mgeni mtukufu, anapewa kuku wake, anacheza, anarudi kwao. Tulikuwa tumeishi Kalemie muda wote ule, tukisikia mambo ya Watabwa kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Kizito, mdogo wa mama yake Odile, alikuwa mvuvi. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, karibu na maji, imepakwa chokaa mpya upande wa mbele tu. Mkewe, Mama Pétronille, alikuwa amepika tangu asubuhi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. Akaleta bukari, ugali wetu wa muhogo, sombe ya majani yake, na samaki mmoja mkubwa, kuhe mzima, kichwa kimeelekezwa kwa msemaji. Ndugu za Kizito walikuwa wamekaa kuzunguka ukuta wote. Walikuwa wakingoja.

Pontien alitokwa na jasho. Akakata tonge moja, akalimeza. Akakata la pili, likakaa mdomoni muda mrefu. Akagusa shavu la samaki kwa kidole, akaonja, kisha akaomba maji. Nilitamani kumfinya, sijui hata kwa nini, ila nilikuwa nimeuona uso wa Mama Pétronille.

“Mama, ni chakula kitamu sana,” alisema kaka yangu akinawa. “Lakini nyumba ya baba imetujaza.”

Maneno hayo! Hata angetafuta mwaka mzima mabaya kuliko hayo asingeyapata.

Kizito aliwageukia ndugu zake. “Papa amenawa,” alisema, polepole. Chakula kikaondolewa. Tukaulizwa habari za Nyunzu, za mvua, za reli. Habari ya Odile haikuguswa. Kizito akatusindikiza mpaka barabarani kwa adabu yote, na Pontien akarudi nyumbani akiimba.

Kabla wiki haijaisha, Mama Louise alikuja. Alikataa kiti.

“Mujomba anasema hivi: mulikula kwa baba mukashiba, basi baba awape muke. Lakini baba hana mutoto wa kutoa.”

Pontien alisimama. “Mama, mutatunyima bibi kwa sababu ya samaki?”

“Si samaki, Papa. Ni mulango. Ulipita kwetu kama mutu anapita nyuma ya jiko.”

Hippolyte alikuwa pale pale, akikaza skrubu za redio. Aliendelea kukaza moja ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa. Hakumlaumu mtu. Ningefurahi kama angepiga kelele, hata kama angetukana.

Pontien hakulala vizuri tena. Aliuliza watu, Watabwa wa karakana wakamweleza, wengine wakimcheka usoni. Ndipo akaelewa. Asubuhi moja akaniambia nisimpikie kitu. Alitoka bila chai, akaenda mpaka kwa Kizito. Kizito alikuwa ziwani. Akarudi bila kula, kesho yake akaenda tena, hivyo hivyo, mpaka akamkuta ameketi mlangoni anashona nyavu. Yaliyosemwa nayajua kwa sababu mara ile ya mwisho nilimfuata. Nilimwogopea asianguke njiani.

Kaka yangu alipiga magoti mchangani. Mtu mzima, mwenye mvi, fundi wa reli.

“Kosa ni langu. Mutoto hajafanya kitu. Nipikie chochote, hata bukari kavu, nitamaliza hapa mbele yako.”

Kizito aliweka nyavu chini haraka, akamwinua kwa mikono miwili. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

“Papa Pontien, mimi nimekusamehe. Haukujua, nimeelezwa. Lakini jana walikuja watu wa Moba kumuomba Odile, na nimewapa.” Akatazama mlango wake. “Walianzia hapa.”

Tulirudi nyumbani. Pontien alitembea mbele yangu, na kila mara alisimama, kana kwamba anataka kugeuka arudi, kisha akaendelea. Nilijua anatafuta namna ya kumwambia mtoto, na nilijua namna hiyo haipo.

Hippolyte alikuwa ameshatoka kazini. Alipotuona mlangoni alitutazama usoni, mmoja baada ya mwingine, na habari akaipata yote pale pale. Aliinamisha kichwa. Kisha akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na sahani ya bukari na ndagala, dagaa wa ziwani, aliyokuwa amejiwekea.

“Papa,” alisema, “hizi siku zote haukule. Kaa, ule.”

Pontien alikaa. Machozi yalikuwa yakimwangukia mikononi, na hakuyapangusa. Chakula hakikutaka kupita, nilimwona akilazimisha shingo kila tonge, lakini kijana alikuwa amesimama mbele yake akingoja. Akala mpaka sahani ikawa nyeupe.