Kiganja cha baba mdogo

Leo nimechana cheti nilichosaini mwenyewe.

Mimi ni mkaguzi wa nyama, Musoma. Naiingiziaga kompyuta joto la chumba cha baridi, inanikadiria bakteria wameongezeka kiasi gani. Leo ilisema nyama ni salama, nikasaini cheti.

Baba mdogo akaja kuchukua nyama ya msiba wa kijijini, Bugwema. Akapenyeza kiganja kati ya mapaja mawili ya ng'ombe yaliyoning'inia yamebanana.

"Mwanangu, mbona huku kuna joto?"

Nikachomeka kipimajoto hapohapo. Kweli, joto!

Kumbe siku zote nilipima hewa ya mlangoni, siyo nyama yenyewe.

Baba mdogo hakunilaumu. Alisema tu, "Basi, waombolezaji watakula dagaa."

Jamani, nawaza nyama niliyoipitisha wiki iliyopita.

Ile hakuna aliyeishika.