Jino la Papa Xavier

Wewe ungeweza kulitia jino la marehemu baba yako ndani ya asidi?

Télesphore Murhula aliweza. Serikali ya Zaïre ilikuwa imelifuta jina lake la ubatizo kwenye vitambulisho, lakini mama yake, Maman Euphrasie, hakumwita kwa jingine. Télesphore alisomea metali huko Liège, Ubelgiji, akarudi Bukavu na shahada ya uzamivu na swali moja: metali inakuwa kitu gani ikikatwa punje ndogo mno, ambazo hata hadubini ya shule haizioni? Dhahabu ya machimbo ya Kamituga ilitupita mbele ya macho ikienda kwa wageni, na mtaalamu wetu hakuwa na hata chembe ya kufanyia jaribio. Aibu hiyo haikuwa yake. Mkurugenzi wa maabara alimwambia wazi kwamba asipoonyesha matokeo, maabara itafungwa. Ndipo akamwomba mama yake jino la dhahabu la baba yake, Papa Xavier, alilolihifadhi tangu mazishi.

Mama akampa. Asidi ikalila lote. Télesphore akaongeza dawa, akachemsha, na yale maji ya manjano hafifu yakageuka mekundu. Mlango wa maabara haukuwa na kufuli, kwa hiyo alikuja na chupa nyumbani, akaiweka juu ya kabati. Jua la jioni likapenya ndani yake. Doa jekundu likatua ukutani, likawa linatetemeka, na hakuna aliyekuwa ameigusa chupa.

“Hii haiko dhahabu,” mama alisema. “Hii ni damu ya papa yako.”

“Hapana, maman. Ni lile jino. Nimelikata kidogo-kidogo, mpaka jicho haiwezi kuona.”

“Kama umemukata vile, atalala namna gani?”

Télesphore alicheka, lakini alilala bila kuipa chupa mgongo.

Asubuhi maji yalikuwa ya buluu, na unga mweusi ulikuwa ukishuka taratibu. Mama alikuwa amemimina humo maji ya baraka, yale ambayo padri huyatia chumvi. Télesphore alijua kwamba chumvi huzishikamanisha punje, rangi ikafa. Alijua hayo yote, na bado nywele zilimsimama.

“Aliacha kuwaka,” mama alisema polepole. “Sasa amelala.”

Gari la mkurugenzi likasimama mlangoni. Alikuwa amekuja kutazama matokeo. Maman Euphrasie akaichukua chupa, akaikumbatia kifuani, akatoka nayo kuelekea makaburini. Mkurugenzi alishuka garini. Alivua kofia, akasogea kando, kama watu wanavyopisha jeneza.