Karani Anayepima kwa Mkono

Usiku kucha hatukupata habari ya ndege aliyopanda binti yangu. Kampuni ya ndege ile tuliizoea kwa safari fupi. Sasa imeanza kuvuka bahari kwa bei ya kutupa, na mwanangu akawa wa kwanza kuiamini. Kulipokucha nilikuwa bado nimemganda kama kupe karani wao, pale ukumbi wa wanaowasili. Mikono ya karani yule haitulii. Ukiweka kitu mbele yake anakinyanyua kidogo, anafumba jicho moja, anataja uzito. Kila nilipokwenda kuuliza, aliupima mkoba wangu.

“Kilo tatu, mama. Ndege iko njiani.”

“Njiani wapi, baba? Huko juu hakuna vituo.”

“Ndiyo maana haisimami.”

Alicheka peke yake, lakini mlango wa kioo ukitikisika aligeuka haraka kuliko mimi. Mwishowe wakatangaza kwamba imetua, nami roho ikatulia. Mlango ukafunguka nusu, ukakwama kama kawaida yake, na nyuma yake nikamwona binti yangu, mnene kama gunia: magauni manne na makoti mawili, yote mwilini, ili asilipie mzigo. Karani akamtazama. Mkono wake ukanyanyuka wenyewe, jicho moja likajifumba.

“Huyu ndiye wako?”

“Ndiye. Aliondoka mwembamba.”

“Hewa ya juu inanenepesha,” akasema, akaurudisha mkono mfukoni, kisha akausukuma mlango kwa bega mpaka ukafunguka wote.