Ziwa Nyasa la Kurasa Mbili

Sikuhadithiwa hili. Nilikuwepo mwenyewe kwenye steshenari moja ya mtaa wa Nyasho, mtu wa tatu kwenye foleni, na macho yangu hayajawahi kukosea tangu niachane na shule.

Mama mmoja alitaka kuchapiwa habari za Ziwa Nyasa, kazi ya binti yake ya jiografia. Dada wa kompyuta akapata kurasa mbili mtandaoni. Wa kwanza ulisema maji ni ya Malawi hadi ufukweni kwetu, Tanzania "inadai" tu. Wa pili ulisema mpaka uko katikati, Malawi ndiyo "inadai".

Mama akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena.

"Mimi nimezaliwa ufukweni kule," akasema. "Baba yangu alivuaga pale mpaka uzeeni. Sasa alikuwa anavua nchi ya watu?"

"Mama yangu, mimi nachapaga tu. Mwalimu wao atasahihisha kwa upi?"

Mama akatugeukia sisi wa foleni. Foleni nzima ikainamia simu zake, hata mimi mwenye macho yasiyokosea.

Mwisho akachukua ule wa kwanza wenye ramani, akaazima kalamu, akachora mstari katikati ya ziwa, akaondoka.

Wiki nzima najiuliza, hao waandishi wa mtandaoni wamekaa ufukwe upi? Maana kila mmoja anaapa kaandika ukweli mtupu.

Na mimi niseme ukweli wangu. Mama hakuchora kitu. Alichukua kurasa zote mbili, akasimama mlangoni akizitazama. Ule mstari nimeuchora mimi, hapa hapa kwenye safu yangu ya gazetini.