Sauti Niliyoing'oa kwa Bisibisi

Nianze na pawa saplai, maana hapo ndipo watu wengi wanapodanganywa. Ukitaka kujua kama kompyuta ni ya maana, usiulize ina kasi gani. Fungua kasha, shika lile boksi la umeme, lipime kwa mkono. Likiwa zito, ndani mna shaba ya kutosha na aliyelitengeneza alikuwa na haya. Likiwa jepesi, umeuziwa bati na feni. Nimewaambia watu wa Dodoma jambo hili tangu mwaka tisini na tano. Wengi walinicheka, na wengi wao hao hao waliniletea mashine zinazonuka moshi, siku umeme ulipokatika ukarudi kwa nguvu.

Wala sikuwa fundi. Kazi yangu ilikuwa kuuza misumari, bawaba na kufuli dukani kwa kaka yangu Imrani, karibu na soko. Kompyuta zilikuwa wazimu wangu wa baada ya kazi. Biashara ilipofunguliwa nchini, mitumba ikaacha kuwa nguo tu, zikaanza kuja na mashine, na mimi nikawa mtu wa kuokota kila kilichotupwa na ofisi. Nyumba yetu ya Makole ilijaa makasha hadi mke wangu Sabiha akawa anawaambia wageni, "Karibuni, kaeni popote pasipo na waya."

Nilikuwa na maoni juu ya kila kitu. Kibodi nzuri ni ile nzito inayopiga kelele. Feni isafishwe kila mwezi kwa brashi ya rangi, kwa sababu vumbi letu halina mchezo. Windows niliiona kama nyumba ya kupanga: unakaa vizuri, lakini huruhusiwi kupiga hata msumari ukutani. Linux, mfumo wa bure, niliipata kwenye CD iliyokuja ndani ya gazeti la Kiingereza, nikapewa na mpima ardhi mmoja aliyekuwa akihama. Nikaiweka, nikaona kila kitu chake kiko wazi, nikaingia nayo kama mtu aliyebadili dini. Aliyekuja kwangu kuulizia kichapishi aliondoka amehubiriwa saa nzima. Nilikuwa nakera. Najua sasa.

Ninasema haya mapema ili mjue ni mtu wa namna gani aliyeingia nyumbani kwa Mwalimu Bartolomayo na bisibisi mfukoni.

Mwalimu alikuwa Mgogo wa Buigiri, asiyeona tangu akiwa na miaka minne, alipougua surua. Alisoma, akafundisha watoto wasioona kwa miaka zaidi ya thelathini, akastaafu na kuhamia Kikuyu, hapo hapo Dodoma, na mkewe Emilia. Emilia alipofariki akabaki na mpwa wake, Anyesi, aliyekuwa akimpikia. Nilimfahamu dukani. Alikuja kununua kufuli. Nikampa moja, akaifungua na kuifunga mara tatu karibu na sikio lake, akanirudishia.

"Hii imetengenezwa na mtu mwenye haraka," alisema. "Nipe nyingine."

Alizijaribu tisa. Imrani akakunja uso, lakini mimi nilimpenda palepale. Katika mji mzima nilikuwa nimempata mtu mmoja anayechagua vitu kama mimi. Nilimwambia habari za pawa saplai, akacheka, akasema, "Njoo basi uione ya kwangu. Njoo uisikie, tuseme."

Nikaenda Jumapili. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, Razaki. Mbukwa," akanisalimu na kwa Kigogo. "Pita." Kwenye meza ya mninga palikuwa na kompyuta ya kizamani kabisa, yenye DOS tupu, mfumo wa maandishi tu, aliyoachiwa na wageni wa kanisa. Kioo chake kilikuwa kimekufa siku nyingi. Juu yake Anyesi alikuwa ameweka kopo la maua ya plastiki. Mwalimu akawasha, akaandika kwa vidole vyote kumi bila kukosea, na mashine ikamsomea kila alichoandika. Ndani yake mlikuwa na kadi ndefu ya kusemesha, iliyotoa sauti ya mwanamume mwenye mafua. Ilikuwa imefundishwa Kiingereza tu, kwa hiyo Kiswahili ilikisoma kwa kukivunjavunja. Mwalimu aliizoea. Aliiita Mzungu.

"Mzungu wangu hajui kutamka," aliniambia, "lakini hana umbea."

Sikuelewa uzito wa maneno hayo mpaka aliponieleza habari za utepe.

Binti yake wa pekee, Anna, alikuwa ameolewa Tabora bila ridhaa ya baba yake. Mwalimu hakwenda harusini. Mwaka mzima baadaye roho ikamsuta, akakaa kwenye taipureta yake akamwandikia kurasa nne. Anna hakujua kusoma maandishi ya nukta nundu, utotoni alikataa kujifunza, kwa hiyo ilikuwa lazima iwe taipu. Akazitia kwenye bahasha, akazituma kwa posta, akasubiri. Jibu halikuja. Baada ya miezi mingi mgeni mmoja akaomba kutumia taipureta ile, akasema, "Mwalimu, mbona utepe huu umekauka? Hauandiki kitu." Binti alikuwa ametumiwa karatasi nne tupu.

"Fikiria, Razaki," alisema. "Baba yako hakuja harusini, halafu anakutumia karatasi tupu."

Tangu siku ile aliapa kutotuma neno ambalo hakuweza kulisoma mwenyewe. Na asingeweza kumwambia mtu mwingine amwandikie. Maisha yake yote barua zake zilipita midomoni mwa watu, za mapenzi, za msiba, hata za daktari. Hii hapana. Mzungu ndiye aliyempa nafasi ya kuandika sentensi, kuisikiliza, kuifuta, kuiandika upya. Alikuwa ameianza barua ya pili kwa Anna. Aliandika kidogo kidogo, mstari mmoja kwa juma, maana kila neno lilimshinda.

Mimi nilisikia yote hayo, nikasikitika kweli. Halafu macho yangu yakarudi kwenye mashine, nikaanza kusikitikia mashine.

Ilikuwa polepole. Ilichukua dakika kuwaka. Diski yake ililia. Nilimwambia, "Mwalimu, nipe siku mbili. Nitakubadilishia ubao mkuu, nitakuwekea diski kubwa na Linux. Itakuwa mashine ya karne hii."

"Na Mzungu?"

"Atakuwepo. Tena atasema vizuri zaidi."

Niliamini nilichosema. Gazeti lilikuwa limeandika kwamba Linux inaweza kusoma kwa sauti. Nilibeba kasha hadi Makole, nikalifungua mezani, Sabiha akiniangalia. Nikatoa ubao wa zamani, nikapachika mpya niliokuwa nikiutunza kwa ajili ya kitu cha maana. Nikachukua ile kadi ya kusemesha, na hapo nikaona kwamba haina pa kukaa. Ilitaka ile mifereji mirefu myeusi ya zamani ya kuchomekea. Ubao wangu mpya ulikuwa na mifupi myeupe tu.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilijiambia kwamba ubao mpya una sauti yake humo humo ndani, basi kadi ya nini? Nikaiweka kwenye bati la biskuti pamoja na diski yake ya zamani. Na kwa kuwa siwezi kuona kitu kizima bila kukifungua, jioni ile ile niling'oa vipande vya ubao wa zamani kutengenezea mashine nyingine. Kufikia magharibi ulikuwa takataka.

"Umejaribu kama inaongea?" Sabiha aliuliza.

"Bado programu moja tu," nikamjibu.

Nilimrudishia Mwalimu mashine yake Machi, mwaka elfu mbili na moja. Iliwaka upesi, nikajisifu. Yeye akaweka vidole kwenye kibodi, akaandika neno, akainamisha kichwa kusikiliza. Akaandika jingine. Akasubiri. Sijapata kuona mtu akisubiri hivyo.

"Haongei?"

"Ataongea, Mwalimu. Kesho nitaleta programu."

"Na ile ya zamani?"

"Ile ilikuwa imechoka."

"Hata mimi nimechoka," alisema, "lakini bado naongea." Akacheka ili nisione vibaya.

Kesho ikawa juma, juma likawa mwezi. Programu ya kusemesha ilikuwa kubwa, na mtandao wa mjini ulipita kwenye waya wa simu. Ilifika nusu, ikakatika. Ilifika robo tatu, ikakatika. Siku niliyoipata yote, ikadai vitu vingine ambavyo sikuwa navyo. Kila Jumapili nilikwenda Kikuyu na maelezo mapya, na Mwalimu alinisikiliza kwa upole kuliko nilivyostahili. Wakati mwingine nilikuta ameiwasha ile mashine bubu na ameweka mikono magotini.

"Si unajua kibodi kwa moyo?" nilimwambia siku moja. "Andika tu, mimi nitakuchapia."

"Niliandika hivyo mara ya kwanza."

"Basi niambie mimi niandike. Nitafunga mdomo."

"Razaki, wewe ni rafiki yangu. Ndiyo maana sitakuambia."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo nimelizunguka tangu mwanzo. Ubao mwingine wa zamani wenye mifereji mirefu ulikuwepo. Ulikuwa kwenye duka la fotokopi, mtaa wa pili kutoka kwangu, ndani ya kompyuta niliyoitengeneza mwenyewe. Nilijua. Mwenye duka, Fabian, alikuwa mtu wa kuelewana, ningemwambia tubadilishane angeshukuru kupata mpya. Ilikuwa kazi ya saa moja. Lakini kwenda kwa Fabian kulikuwa na maana ya kusema kwamba DOS ya kale na kadi yenye mafua vilikuwa bora kuliko kila nilichokihubiri. Fabian nilikuwa nimemhubiria kuliko wote. Kwa hiyo nikaendelea kupakua programu. Nilimwacha mzee akae kimya miezi minne ili mimi nisionekane nimekosea juu ya mashine.

Julai upepo wa baridi ulikuwa mkali mwaka ule. Mwalimu akashikwa na nimonia. Siku ya nne Anyesi alikuja dukani amejifunika kanga kichwani, na kabla hajafungua mdomo nilijua.

Anna alifika baada ya maziko, basi lilikuwa limeharibika njiani Singida. Nilimwona kwenye matanga, mwanamke mrefu mwenye vidole vya baba yake, amekaa peke yake. Hakulia mbele za watu. Nikaondoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Fabian, nikamwomba ule ubao. Hata hakuniuliza wa nini. Saa moja, kama nilivyosema. Nikachomeka kadi, nikafunga diski ya zamani yenye barua yake, iliyokuwa kwenye bati la biskuti, nikawasha. Mzungu akaamka akataja tarehe.

Sikuifungua barua. Ninaomba mniamini kwa hilo moja.

Asubuhi yake nikabeba kasha hadi Kikuyu. "Shikamoo, Baba Shamila," Anna alinisalimu, maana ndivyo Anyesi alivyonitambulisha, kwa jina la binti yangu. Nikamweleza kuwa baba yake alikuwa akimwandikia barua, na kwamba mashine hii ingemsomea. Nikamwonyesha kitufe cha kubonyeza. Nikatoka, nikafunga mlango.

Sauti ilipenya dirishani hata hivyo. Nikatembea uani kuelekea kwenye ua wa minyaa ili nisisikie maneno. Nilikuwa nimekusudia kusimama huko muda mrefu. Sikuwa hata nimefika kwenye ua, Mzungu akanyamaza. Nilisubiri aendelee. Hakuendelea.

Anna alikaa ndani kitambo. Alipotoka alikuwa na machozi, na kitu cha kucheka kidogo usoni.

"Hiyo sauti inalitamka jina langu vibaya," alisema.

"Ndiyo. Baba yako aliizoea."

"Ameanza na zile karatasi tupu. Anasema utepe ulikuwa umekauka, na hakujua." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Ninazo, Baba Shamila. Sikuzitupa. Miaka yote hii nazitazama, najiambia baba hana neno la kunipa."

Akageuka akatazama dirisha.

"Halafu anasema, 'Sasa nikueleze kwa nini sikuja.' Hapo hapo inakatika. Hakuna zaidi?"

"Hakuna zaidi."

"Kwa nini hakumaliza?"

Nilikuwa na maoni juu ya kila kitu, mimi. Kibodi, feni, diski, mifumo yote. Miaka mingi watu waliniomba ninyamaze nikakataa. Na asubuhi ile, pale uani, nilipoulizwa swali moja ambalo nililijua jibu lake kuliko mtu yeyote duniani, nilitazama viatu vyangu.

"Mashine iliharibika," nilisema.

Anna akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama wanavyofanya wanaoshukuru kweli.

"Basi Mungu akubariki wewe uliyeitengeneza," alisema. "Bila wewe nisingepata hata hayo machache."

Nikaitikia, "Amina."