Siku Mbili za Kubadilisha Hewa

Nyumba yetu ya Balsall Heath, huku kwa Waingereza, ilinuka mafuta ya taa na karafuu. Mafuta yalitoka kwenye hita iliyokaa ukumbini kama mgeni asiyejua kuaga, na karafuu zilitoka kwenye sufuria ya mama, aliyezichemsha asubuhi na jioni ili baba avute mvuke wake chini ya taulo. Hadi leo harufu hizo mbili zikikutana, masikio yangu hungoja kikohozi. Baba alikohoa kwa mpango wake mwenyewe, kimoja kirefu, vitatu vifupi, halafu kimya cha kusikiliza kama vimeisha. Alifanya kazi Tyseley, kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma na kukimimina ndani ya kalibu za mchanga. Yeye alikuwa mvunja kalibu. Chuma kikishapoa aliupasua mchanga kwa nyundo, kisha akaufagia ukiwa umegeuka unga. Alirudi nyumbani na nyusi nyeupe, nasi watoto tukamtania kwamba ameondoka kijana asubuhi na amerudi babu.

Hiyo ni mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa na miaka kumi. Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu walizaliwa na miguu, mimi nilizaliwa na makalio. Kabla ya nyumba ile tulikaa Lozells kwa shangazi yangu, watu sita chumba kimoja, nami nikilala miguuni pa kaka zangu wawili ambao hawakuamini katika kuosha miguu. Balsall Heath nilipata chumba changu peke yangu. Kilikuwa kidogo hata mlango ulifunguka nusu tu ukagonga kitanda, lakini nilikipenda kuliko jamaa wengi tuliowaacha Unguja. Siku moja nilimsikia mama akimwambia baba jikoni kwamba kazi ikiondoka na nyumba inaondoka, turudi Lozells tukabebane. Neno hilo nililihifadhi vizuri kuliko hesabu zote za shule.

Nilikuwa pia mdomo wa nyumba. Kiingereza cha baba kilikuwa cha kiwandani: leta, ondoa, haraka, na matusi kadhaa ambayo kwa muda mrefu alidhani ni majina ya watu. Cha mama kilikuwa salamu na kwaheri, katikati hapana kitu. Kwa hiyo barua zote, wenye duka wote na walimu wote walipitia kwangu, na baba akanipa cheo cha Bibi Mkalimani. Nilikivaa cheo hicho kama kanga ya sikukuu.

Ndiyo maana nilikuwa nimekaa kati ya baba na daktari siku baba alipokwenda kupimwa kifua. Daktari alikuwa mzee mpole, akazungumza polepole kwa ajili yangu. Alisema kifua cha baba kimejaa vumbi la mchanga, vumbi hilo likishaingia halitoki, na baba aiache kazi ile mara moja, si mwezi ujao. Nikamuuliza kama hakuna dawa. Akasema hewa safi ingempa nafuu kidogo ya roho, lakini isingemponya. Watu wakisimulia mambo kama haya husema walikuwa watoto, hawakuelewa. Ningependa sana kusema hivyo. Nilielewa kila neno, na nyuma ya kila neno niliona miguu ya kaka zangu. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku ile haukuwa hata na mshipa.

"Anasema kifua kina vumbi," nikamwambia baba. "Anasema ukabadilishe hewa."

Asiyekulia kwetu hataona ubaya wa neno hilo. Kwetu kubadilisha hewa si matembezi, ni tiba kamili. Mgonjwa akishindikana mjini hupelekwa shamba kwa jamaa, akala vingine, akanywa maji ya kisima kingine, akarudi na mashavu. Baba hakushangaa hata kidogo. Mama alipopewa habari alifurahi, akasema kumbe hata Wazungu wanajua dawa. Uongo wangu ulikuwa umevaa kanzu na kofia, ukakaribishwa ndani ukapewa kiti.

Tatizo likawa shamba. Jamaa yetu wa shamba alikuwa ng'ambo ya bahari, na huku kila tuliyemjua alivuta moshi uleule. Aliyetatua ni Chacha Nazir, ambaye tulimwita hivyo kwa kuwa ndivyo kwao wanavyomwita baba mdogo. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na alifanya kazi pamoja na baba. Walizungumza Kihindi ambacho baba alikiokota kwenye sinema za Unguja, kwa hiyo mvunja kalibu mmoja alimwomba mwenzake nyundo kwa kumwita nuru ya macho yangu. Chacha alikuwa mtu wa kijiji cha milimani, chini ya theluji za Himalaya, na kabla ya kiwanda alizunguka mashamba ya Wales akichuuza nguo ndani ya sanduku. Huko alimjua mjane mmoja mwenye vyumba vitupu kwenye kijiji cha vilimani, ambacho jina lake hata leo linanishinda kutamka. Alisema kwao watu wa bonde walipanda milimani kuponya vifua, na Wazungu pia, enzi zao. Alisema twende Jumamosi turudi Jumapili.

Nilijitia homa. Mama akanishika paji la uso, akasema mkalimani haugui. Hivyo mimi niliyedanganya ili nisitoke nyumbani nikawa wa kwanza kutolewa, nikapakiwa kwenye gari la mboga la kaka yake Chacha, katikati ya magunia ya vitunguu. Kaka zangu walipelekwa kwa shangazi, wakanipungia mkono kwa wivu. Mchimba kisima, wahenga wamesema, huingia mwenyewe.

Njia nzima Chacha alitueleza kijiji chao. Nyumba zimepandana mlimani hata paa la jirani ndilo ua wako. Kuna mijozi, miti minene kuliko nyumba, na maji ya theluji yanayouma meno mwezi wa saba. Kimya chake, alisema, ni cha kusikia kuku wa ng'ambo ya bonde akilalamika. Tulipofika alisimama mbele ya vilima vya Wales, mikono kiunoni, akasema ni vilevile, ila hapa Mungu alianza mlima akaitwa kwenye shughuli nyingine. Baba alicheka bila kukohoa. Sote tuliona kwamba hakukohoa.

Jumamosi ile nilichukia kila kitu. Choo kilikuwa nje, mvua ilikuja kutoka pembeni, na kondoo walinitazama kama wakaguzi. Mjane alitupa mayai, mkate na maziwa mazito, akauliza mambo mengi, nami nikatafsiri kwa uaminifu mkubwa mambo yasiyo na maana. Baba alikula mayai manne. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, blanketi mabegani, akimfundisha mama majina ya milima ambayo alikuwa akiyabuni palepale. Mama alimwambia, "Usinichezee, mume wangu, milima haiitwi majina ya wajomba zako." Mashavu ya baba yalikuwa yamerudi. Kwa siku moja nzima uongo wangu ulifanya kazi, nikaanza kuamini kwamba daktari ndiye aliyekosea.

Jumapili asubuhi Chacha alitaka kumpandisha baba kilimani akaone bonde, nami nikafuata. Kilima chenyewe hakikuwa kitu, hata mimi mtu wa makalio nilikimudu. Baba alisimama baada ya hatua kumi. Kisha baada ya sita. Kisha akakaa juu ya jiwe, mdomo wazi, midomo imeingia rangi ya majivu, na kondoo mmoja mzee akampita akipanda. Kikohozi kilipokuja hakikufuata mpango wowote. Kihindi cha sinema kina maneno ya machozi na ya mwezi, hakina neno la pafu wala la kuacha kazi, kwa hiyo Chacha akanigeukia mimi na kunisemesha Kiingereza chake kilichovunjika. Alisema kikohozi hiki anakijua. Kijijini kwao walipanda pia wachonga mawe ya barabara, wenye vumbi kifuani. Wagonjwa wengine waliteremka wazima, hao hawakuteremka, makaburi yao yako mlimani, juu kuliko mijozi. Akaniuliza kama daktari alisema baba aache kiwanda.

Nikamjibu hapana.

"Anasemaje Chacha wako?" baba akauliza alipopata pumzi.

"Anasema kwao ni kuzuri kama hapa."

Baba alitikisa kichwa, akalitazama bonde. Halafu akaniambia, taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Sasa niambie wewe, Bibi Mkalimani. Kesho nikirudi kazini, daktari ataniona mjinga?"

"Hakukataza, baba."

"Alhamdulillah," akasema, akanipa mkono nimwinue. Ulikuwa mzito.

Jumatatu alfajiri alikwenda Tyseley. Akaenda miaka miwili na kitu. Kipupwe cha mwisho alilazwa, na daktari yule yule akaja kando ya kitanda akaniuliza, safari hii si kwa upole, kwa nini baba hakuiacha kazi alipoambiwa. Mama akauliza anasema nini. Nikamwambia anatupa pole. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wiki moja baada ya maziko nyundo ya baba ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Chacha Nazir alikuja matangani, akakaa na kaka zangu, mimi hakunitazama. Mama alipata kazi ya kupiga deki. Hatukurudi Lozells. Nyumba ilibaki yetu na chumba kilibaki changu.

Bado ninaishi humo. Mtaa umejaa mikahawa, watu huja kutoka mbali kula, na wanangu hunitania kwa Kiingereza kwamba hata kituo cha basi kwangu ni safari ya kuagana. Mwaka huu nilimpeleka mama kwa daktari. Siku hizi hawataki mtoto wala ndugu atafsiri. Waliniambia nikae nimsindikize tu, wakapiga simu, akasikika binti wa Kikenya ambaye mama alilalamika kwamba Kiswahili chake kina mawe. Binti yule alimuuliza daktari neno moja mara mbili ili asikosee, kisha akamwambia mama yote: moyo umechoka, hautarudi ulivyokuwa, ajipange. Hakupunguza kitu. Mama alimshukuru, akamwombea mume mwema.

Tulirudi kwa basi. Karibu na kwetu mama akasema heri kuambiwa, mtu anajua anachofanya na siku zake.

"Yule daktari wa baba yako alikuwa mpole mno," akasema. "Kubadilisha hewa tu. Au alisema na mengine?"

Nina miaka zaidi ya sitini. Nilikitazama kituo chetu kikija.

"Hakusema mengine, mama."